Ndugu Mkuu na Chai ya Jirani

Jumapili, 1 Agosti 1971

Nimevaa utepe tena leo, mlango ukiwa umefungwa. Unanikaa! Kijani, ukingo wa manjano, kutoka begani hadi kiunoni. Mimi, Ezekieli Nyamwange, Ndugu Mkuu wa Chama cha Ndugu wa Jembe, Kericho na Bomet zote. Gichuki mwenye duka pale Sosiot alikikalia kiti hicho miaka tisa akidhani ni cha babake. Nilimshinda mwezi wa sita kwa njia safi kabisa. Watu wa Kabianga niliwaahidi kwamba mkutano mkuu utakuwa Kabianga. Wa Siongiroi nikawaahidi Siongiroi. Utakuwa Sosiot. Wamenuna kidogo. Watazoea.

Shida ni moja tu. Sheria yetu inasema Ndugu Mkuu mpya ni wa majaribio hadi mkutano wake wa kwanza uishe. Siku ya pili anawatembeza wajumbe kwenye shamba lake mwenyewe. Jioni wanapiga kura: abaki ama ashuke. Gichuki ndiye aliyeandika sheria hiyo. Mtu mwenye roho mbaya!

Sasa, shamba langu. Niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Chai yangu haijachumwa tangu Pasaka ya mwaka jana. Imenipita urefu. Mbuzi wa jirani aliingia humo mwezi wa tatu, tukawa tunasikia sauti yake tu. Kosa ni la mke wangu, Bitutu. Alichuma peke yake miaka mitatu, mimi nikihudhuria mikutano ya wakulima. Asubuhi moja akaweka kapu chini, akasema chai ni ya mwenye mikutano, yeye sasa anapanda kabichi. Nikamwambia huo ni mgomo. Akasema ndiyo, ndio huo.

Leo nimemwomba kwa upole aumalize, kwa heshima ya chama. Ameniuliza kama utepe una mifuko ya kuwekea majani.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata! Nimepata!

Nilikuwa nimesimama kwenye ua nikisikitika. Upande wa pili ni kwa Mama Chepkorir, mjane, mtu mpole sana. Chai yake! Imelala sawasawa kama meza, ungeweza kupanga vikombe juu yake. Hakuna gugu hata moja. Nikajiuliza: wajumbe wa Kabianga na Siongiroi wanajuaje mpaka wangu uko wapi? Hawajui. Nani atawaambia? Labda ndugu wa hapa Sosiot, lakini hao nitawapa kazi ukumbini siku nzima. Gichuki hajawahi kukanyaga kwangu. Anabaki Mama Chepkorir mwenyewe.

Nimevaa koti, nikazunguka hadi mlangoni kwake. Tukasalimiana, chamgei, chamgei. Nikamweleza kwamba chama kimemteua kuwa Mkuu wa Chai na Mapokezi, ukumbini, siku zote mbili, pamoja na maandalizi yote ya kabla. Akasema yeye hata si mwanachama. Nikasema tangu sasa ni mwanachama, nimemwandikisha mimi. Akauliza kama atapata utepe. Nikasema mkubwa. Alifurahi mpaka akanipa kibuyu cha maziwa.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Bitutu akauliza nimefanya nini tena. Huyu mwanamke hana imani hata chembe.

Jumanne, 10 Agosti

Kibao kiko tayari. Fundi wa rangi amekipendezesha: SHAMBA LA NDUGU MKUU E. NYAMWANGE. Nitakisimamisha kwa Mama Chepkorir Ijumaa asubuhi, akishaondoka. Mwanya wa kupita kwenye ua nimeukata tayari.

Gichuki alikuja. Kofia mkononi, adabu tele! Alisema kama shamba langu halijawa tayari, wajumbe wanaweza kutembezwa kwenye lake, bila kinyongo. Nikamjibu kwamba langu linaweza kupokea mgeni wa cheo chochote. Akasema anafurahi kusikia hivyo. Halafu akauliza kama ni kweli kuhusu yule mbuzi. Nani amemwambia?

Mama Chepkorir ana wasiwasi. Wiki nzima anaosha vikombe na kusugua sufuria ukumbini, hajachuma, na majani yamefika wakati wa kuchumwa. Nikamtuliza kwamba chai inaweza kungoja. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika wilaya hii.

Alhamisi, 12 Agosti

Siku ya kwanza. Sitaki kuiandika. Naiandika.

Ni desturi Ndugu Mkuu achague neno la siri la kuingilia ukumbini. Miaka tisa ya Gichuki neno lilikuwa "Jembe". Jembe! Hata ng'ombe angelijua. Mimi nilitaka kitu chenye uzito, nikachagua mito yetu minne kwa mpangilio: Yurith, Itare, Kipsonoi, Chemosit. Niliwatangazia wajumbe wote uwanjani asubuhi. Mlangoni nikamweka Otiende, aliyekuwa askari wa usiku kwenye kampuni moja ya chai, mtu asiyejua mzaha.

Wajumbe wa Kabianga walianza na Kipsonoi. Otiende akawarudisha. Wa Siongiroi walitaja mito mitatu, wa nne wakasema ni ule wenye daraja bovu. Akawarudisha. Mvua ikaanza. Nikajitokeza kifua mbele, kuonyesha mfano, nikaanza na Itare.

Otiende akasema hanijui. Nikamwonyesha utepe. Akasema utepe unaweza kuibwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwajiri! Akasema ndiyo maana anafanya kazi vizuri.

Aliyekumbuka mito yote minne ni mmoja. Bila shaka. Akaingia, kofia kavu kabisa. Kwa hiyo mkutano mkuu wa mwaka ulifunguliwa na Gichuki, Otiende akiwa msikilizaji, nasi wengine wote tukipigwa na mvua ya mawe. Nilimsikia kupitia dirishani akijikaribisha, akijishukuru na kujipigia makofi.

Mama Chepkorir ndiye aliyetuokoa. Alifungua mlango wa jikoni, tukapita katikati ya masufuria mmoja mmoja, kila mtu akapewa kikombe cha moto. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kidogo. Kesho ndiyo yenyewe. Kesho wataona shamba!

Ijumaa, 13 Agosti, mchana

Naandika haraka, nimejificha nyuma ya choo cha ukumbi.

Yalianza vizuri mno. Niliwaingiza wajumbe kwa Mama Chepkorir, kibao kikimeta. Wakainama kutazama mistari. Halafu mzee Kipkorir wa Siongiroi, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akanishika mkono akasema hajawahi kuona kazi safi namna hii. Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa najivunia shamba lile kwa moyo wote.

Kisha akaona ng'ambo ya ua. Akauliza ule msitu ni wa nani.

Nikasema ni wa mvivu fulani. Nikasema hafanyi kazi, kila siku yuko safarini, hata mkewe amemchoka. Maneno yalikuja yenyewe! Wajumbe walighadhibika. Kipkorir akatoa hoja palepale kwamba chama kinamlaani mwenye shamba lile, na kwamba mtu kama huyo hafai kuongoza hata ndama. Gichuki akaunga mkono. Alikuwa anatabasamu, sijui kwa nini. Nikaita kura. Mikono yote juu, wangu ukiwa wa kwanza. Nikatangaza kwamba hoja imepita bila kupingwa.

Sasa sikiliza balaa. Mkulima wa chai ukimsimamisha katikati ya chai iliyofika, mikono haikai. Mama mmoja wa Kabianga, Nyathira, alikuwa anamsimulia mwenzake habari za harusi. Mkono wake ukashuka, majani mawili na kichipukizi, tap. Tena tap. Mwenzake naye. Kufumba na kufumbua watu wote wanachuma huku wanapiga soga! Nikapaza sauti waache. Wakasema Ndugu Mkuu asione haya kusaidiwa. Wanatia kwenye kofia, kwenye makoti, kwenye tepe za chama. Na wale wa Siongiroi, ambao maisha yao yote ni mahindi na mifugo, wakaona wasiachwe nyuma, wakaanza kung'oa vijiti vizimavizima na majani magumu ya chini.

Shamba limekwisha. Jamani, limekwisha! Na sasa lori la majani limepiga honi, na wajumbe wote wanaelekea kituo cha kupimia majani wakiimba, kwa sababu majani yakilala bila kufika kiwandani yataungua. Wananiita niongoze. Nakwenda.

Ijumaa, 13 Agosti, jioni

Kituoni karani ni kijana Mureithi. Akatundika mzigo wa kwanza kwenye mizani, akauliza namba ya mkulima. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniangalia, akasema kwa furaha kwamba ni vizuri kuniona, tangu Pasaka ya mwaka jana sijaleta hata jani, walidhani nimehama.

Kipkorir akageuza kichwa polepole. Gichuki akauliza, kwa sauti laini kama siagi, haya majani basi yametoka kwa nani.

Na nani nikamwona anakuja mbio barabarani, utepe unapepea? Mama Chepkorir! Alikuwa ameambiwa kwamba mkutano mkuu mzima uko ndani ya chai yake.

Hapo akili yangu ilifanya kazi. Nisifiwe kwa hilo. Nilipanda juu ya kreti, nikatangaza kwamba huu ndio undugu wa vitendo! Mama yetu ameacha chai yake wiki nzima ili sisi tunywe, nasi tumemchumia. Nikasema nilificha jambo hili makusudi ili liwe la kushtukiza. Wajumbe wakatazamana. Nyathira akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Mama Chepkorir akatushika mikono mmoja mmoja, analia, kongoi, kongoi, asante sana, tangu mume wake afariki hajawahi kuchumiwa na mtu. Karani akakataa mzigo wote wa Siongiroi, na tukakaa chini wote tukachambua vijiti. Nilikuwa nimepona. Nilikuwa shujaa!

Tukarudi ukumbini kwa kura. Nikauliza kama kuna neno la mwisho. Mama Chepkorir akasimama. Roho safi, haina hila hata kidogo. Akasema kwa kuwa ndugu ni wema hivi, anaomba wamsaidie na jirani yake, mtu anayejitolea kwa chama mpaka chai yake imekuwa msitu. Jirani yake wa upande wa pili wa ua. Huyu hapa, Ndugu Mkuu wetu.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Otiende alicheka! Kipkorir aliegemea ukuta. Gichuki akainuka kukumbusha mkutano, kwa masikitiko makubwa, kwamba mwenye msitu ule ameshapitishwa kuwa hafai kuongoza hata ndama, bila kupingwa, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza. Mnafiki! Alikuwa anajua tangu mwanzo, kila wiki hununua maziwa kwa Mama Chepkorir.

Nimevua utepe. Iliuma, sitadanganya. Gichuki tayari alikuwa ananyoosha tai yake, anajiandaa kuombwa arudi. Na nani akasimama? Nyathira. Akasema kuna mtu mmoja tu ambaye siku hizi mbili amewafungulia mlango, amewapa chai na ana shamba la kuonyesha. Mikono ikapanda kama mahindi.

Ndugu Mkuu ni Mama Chepkorir. Uso wa Gichuki! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi ndiye niliyemwandikisha.

Jumatatu, 16 Agosti

Wamekuja kweli. Waliobaki Sosiot wote, na visu vya kupogolea na mapanga, Ndugu Mkuu mpya akiwa mbele. Wamepogoa chai yangu yote, isipokuwa mistari miwili ya mwisho, hadi kimo cha goti, safi, kila shina limekatwa sawa. Mimi nilisimamia kutoka kivulini, mgongo unaniuma. Bitutu aliwapikia, akapewa utepe. Ameuvaa mpaka sasa, anakoroga ugali nao. Namuuliza mbona hatabasamu hivi kwangu. Anasema Baba Elmina, leo ndiyo mara ya kwanza mikutano yako imenisaidia.

Jumatano, 18 Agosti

Bahati imegeuka! Bwana shamba alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama. Akashuka. Akaingia shambani, akapiga magoti kutazama mashina. Akasema tangu aje tarafa hii ya Belgut hajaona chai iliyopogolewa kwa ufundi kama huu, akauliza ni nani aliyefanya.

Nikasema ni mimi. Akauliza, peke yangu? Nikasema peke yangu, tena nusu nikiwa mgonjwa.

Alinishika mkono muda mrefu. Anataka Alhamisi ijayo niwafundishe kupogoa wakulima wote wa Sosiot, Kabianga na hata Siongiroi, hapahapa, kwenye mistari miwili iliyobaki, kwa mikono yangu, kila mtu akitazama. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nimeomba Gichuki awekwe mstari wa mbele, aone vizuri. Bitutu, aliposikia, ameanza kufua gauni lake zuri. Anasema hataki kukosa.

Kila kitu kimepangwa. Kisu nimekiazima. Kilichobaki ni kidogo tu: kupata mtu wa kuniambia kinashikwa upande gani.