Mkono wa Kulia wa Sindano

Jumatatu, 3 Machi

"Sindano ndiye pointi gadi bora kuliko wote waliowahi kuiongoza timu yetu." Hayo kayabandika Kinyozi kwenye ubao wa klabu ya kikapu. Bora! Mtu anayempa kila mteja kichwa kilekile atajuaje ubora?

Nakubali, huyo dada mshona nguo anagawa asisti, pasi za kuzaa vikapu, kama pipi. Hapotezi mpira ovyo. Lakini takwimu hazisemi mkono! Sindano anapita kulia tu. Mzibe kulia, kwisha habari yake. Nimemchunguza siku nyingi nikiwa kwenye kiti cha huyohuyo Kinyozi, kioo kikinionyesha uwanja wote ng'ambo ya barabara. (Uwanjani kwenyewe nimefungiwa msimu mzima. Eti nilimtukana mwamuzi. Nilimuuliza tu kama macho yake ni ya kuazima.)

Nikabandika jibu juu ya lake. Nikaapa: nikikosea, Kinyozi aninyoe ndevu mbele ya timu nzima. Ndevu zangu! Mke wangu husema nazibembeleza kuliko nilivyowahi kumbembeleza yeye.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Jumamosi kikosi cha kwanza kinapimana na cha akiba. Atakayemkaba Sindano ni Shemeji, mdogo wa mke wangu, nesi, ndiyo kwanza amejiunga. Miguu myepesi, hasira za kutosha. Nikambana jikoni. Nikamwambia akae upande wa kulia wa Sindano, kushoto aache wazi kabisa.

Akaniuliza, shemeji, una hakika? Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Mke wangu akadakia kwamba Sindano alipomkatia gauni alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Nikamjibu kwamba mkasi haudundi. Hoja imewashinda.

Jumamosi, 8 Machi

Maafa! Nimekaa kitini, macho kiooni. Mpira unaanza, Shemeji huyo kasimama kushoto! Kushoto! Nikapaza sauti hadi barabarani: Kulia, we mtoto, kulia! Akaitikia kwamba yuko hukohuko, akazidi kukaza. Sindano akapita upande wa pili kama anaingia chumbani kwake. Asisti. Akapita tena. Asisti. Ikawa mvua.

Kinyozi akaweka mkasi chini, akashika ukuta kwa kicheko. Akaniambia kaka yangu, hebu geuza shingo utazame mlangoni. Nikageuka. Sindano anadunda kwa mkono wa kushoto. Nikarudi kiooni: wa kulia. Mlangoni: wa kushoto. Kiooni: wa kulia.

Lo! Kumbe muda wote nimemchambua mtu kinyumenyume.

Jumapili, 9 Machi

Ndevu zimekwenda. Timu nzima ilijazana dukani. Sindano mwenyewe alishika taulo. Akaniuliza kwa adabu zote, mjomba, tuanzie kulia au kushoto? Walicheka hadi wapita njia wakaja kuuliza nani kashinda nini. Shemeji kaninunia. Mke wangu alinitazama kwa makini, akasema kumbe alichokuwa ameolewa nacho kina kidevu. Nikakifunika kwa taulo. Kidevu kilikuwa kinapata baridi.

Jumanne, 11 Machi

Kocha katangaza: Sindano ataanza fainali kesho. Sawa. Sina kinyongo. Nimetafakari sana na kosa nimelipata. Kosa ni la kioo cha Kinyozi! Kizee, kina ufa, kimejaa povu la sabuni. Mchambuzi makini atafanya kazi gani na chombo kama kile?

Nimehamia duka la miwani, mlango wa pili. Kioo kipya, kipana, kinang'aa. Wapinzani wetu wa kesho walikuwa uwanjani wakipasha misuli. Pointi gadi wao nimemwona kiooni waziwazi, nimejaribu hata miwani mitatu ili nisidanganyike. Mkono wa kushoto mtupu! Nimeshabandika ubaoni, herufi kubwa:

Nyinyi walinzi wa timu yetu, na hasa wewe Shemeji uliyeninunia, kesho mzibeni kushoto, kulia mwacheni wazi, na Kinyozi akiwaambia mgeuke, msigeuke!