Kuhusu Mstari wa Chaki Uliomzuia Mama Mkwe Wangu

Mpendwa Mwalimu wa Sayansi,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa sababu utakayoielewa hapo chini. Mimi ni fundi seremala, baba wa yule binti wa kidato cha pili anayekaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Mwezi uliopita ulituomba wazazi tuwasaidie watoto kubuni miradi ya maonyesho ya sayansi. Wangu alikuja na mzunguko wa kaboni: mche mmoja ndani ya chupa yenye kifuniko, aone jinsi kaboni inavyotoka hewani ikaingia kwenye majani, kisha ikarudi hewani. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba chupa ni ndogo mno, majaji hawataiona. Basi akachukua chaki, akaizungushia mstari nyumba nzima pamoja na karakana yangu, akatangaza kwamba sasa sisi ndio chupa. Chochote chenye kaboni hakivuki mstari bila idhini yake mpaka Ijumaa ya maonyesho.

Tangu hapo sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maranda. Zamani majirani walikuja kuyachukua wakawashie moto. Sasa naambiwa kwamba mbao ni kaboni iliyotulia, na kuichoma ni kuiamsha. Magunia kumi na moja yamejaa sebuleni, makochi hayaonekani. Ndiyo maana nimesimama.

2. Nilipulizishwa mrija ndani ya maji ya chokaa, ambayo hugeuka meupe yakikutana na hewa tunayoitoa mapafuni. Yangu yaligeuka kabla hajahesabu hadi kumi. Ya mke wangu, thelathini. Nikabandikwa ukutani kwa cheo cha Chanzo Kikuu. Siku hizi wateja hufika wakiuliza kama Chanzo Kikuu yupo, na mke wangu huwajibu bila hata kutabasamu. Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimetoka kupiga randa mlango mzima. Mtu yeyote angehema.

3. Nikitaka kutoka, lazima kwanza nitoe pumzi yote ndani, nivuke mstari nikiwa mtupu, ndipo nivute ya nje. Juzi mwenye nyumba alinisalimu nikiwa mguu mmoja huku, mmoja kule. Nilishindwa kumjibu. Sasa anasema nina kiburi.

4. Kabati la bibi harusi mmoja, mteja wangu, limekamilika na kupakwa vanishi, lakini imegundulika kuwa lina kaboni nyingi kuliko familia yetu yote. Kaka zake walikwisha kulibeba mabegani walipoamriwa walirudishe. Aliyewaamuru alikuwa na rula mkononi, nao wakatii.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na ningependa kuendelea kumheshimu kwa mbali, alikuja kututembelea kwa siku tatu. Alipimwa uzito alipoingia. Alipotaka kuondoka akakutwa ameongezeka kilo mbili, na kwa mujibu wa mradi, kilo hizo ni mali ya nyumba. Hawezi kuondoka nazo. Basi anasubiri zipungue, na anasubiri huku anakula. Leo ni siku ya kumi na tisa. Nilipopendekeza awe anazunguka ua kidogo jioni, alisema yeye si mtu wa kuharibu sayansi ya mjukuu wake.

6. Nilikata rufaa. Nilisema: mama mkwe amenenepa, mimi nimekonda, jumla ya nyumba haijabadilika, jibu limepatikana, tufute mstari. Binti yangu alinipongeza kwa dhati, akaandika hoja yangu kama Matokeo ya Kwanza, kisha akasema jaribio moja halitoshi.

Kwa hiyo, Mwalimu, naomba umwondoe binti yangu kwenye maonyesho ya Ijumaa. Ukiona hilo ni gumu, basi mstari upanuliwe uizunguke na nyumba yako, ili mama mkwe ahamie kwako bila kuvuka mpaka. Mimi sina upendeleo.

Wasalimie walimu wenzako wote, wapishi wa shule, na mlinzi wa getini, ambaye kwa bahati yake analinda geti linalofunguka. Mke wangu anakusalimu. Mama mkwe anakusalimu sana, tena anasema hana haraka.

Ni mimi, kwa heshima nyingi na pumzi chache,

Mzazi (Chanzo Kikuu)

N.B. Ndani ya bahasha hii utakuta pia fomu ya idhini ya mzazi kwa ajili ya Ijumaa. Nimeshaitia saini. Mwaka jana mtoto huyu aliitwa mbele ya darasa ataje jina lake tu, akalia mpaka akarudishwa nyumbani. Jana walikuja majirani ishirini kugomba kwa kunyimwa maranda, naye akasimama kizingitini akawaeleza habari za kaboni nusu saa nzima, bila karatasi, bila kutazama chini, na wakauliza maswali. Nilikwenda nyuma ya nyumba kujifuta macho. Barua na fomu zikipingana, Mwalimu, fuata fomu.