Cheti cha Goti la Watasema

"Kama mnalitaka hilo bamba, mchukueni na mbwa mwenyewe, halafu mkanilindie mpunga nyinyi!" Bi Mwajabu alipiga meza ya kamati mpaka kikombe cha Mwenyekiti kikaruka.

"Mama, hapa si sokoni," alisema Mwenyekiti, Bwana Miraji.

"Sokoni wangeshanisikiliza."

Katibu nilikuwa mimi, kwa kuwa nina stashahada ya afya ya mifugo na mwandiko unaosomeka. Niliandika kwenye muhtasari: "Mwananchi ameishukuru kamati."

Kikao kilikuwa cha nne cha Kamati ya Usalama wa Vyuma Vilivyomo Ndani ya Magoti ya Mbwa, makao yake Kibiti. Kuundwa kwake kulitangazwa sokoni kwa kipaza sauti: "Kuanzia leo, hakuna mbwa atakayekanyagia chuma kisichotambuliwa!" Watu walipiga makofi. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, tulikuwa tumeletewa betri zinazovuja zikiwa bado dukani na nondo za kukunjwa kwa mkono. Zilihitajika hatua kali. Wenye betri na nondo ni watu wazito, kwa hiyo kamati ikaanza na mbwa.

Mbwa wenye chuma gotini, tulipohesabu tarafa nzima pamoja na delta, walikuwa mmoja. Anaitwa Watasema, na wakati huo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza yetu, siku ya tisa, kama kielelezo.

Watasema ni mlinzi wa shamba la Bi Mwajabu huko Mbuchi. Nguruwe pori alimtupa, ukano wa goti ukakatika, akabaki kutembelea miguu mitatu. Bahati yake, huko Salale alikuwepo daktari wa mifugo mgeni, amekuja kutibu mbwa wa ulinzi wa kambi moja ya wavuvi wa kamba. Alimpasua Watasema, akaukata mfupa chini ya goti, akaugeuza kidogo, akaufunga kwa bamba la chuma na skrubu sita. Ikapita miezi minane. Watasema alikimbia, na nguruwe walikimbia zaidi.

Sasa mpunga ulikuwa unageuka njano, mbwa yuko ofisini, na wajukuu wa Bi Mwajabu wako juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia, wanapiga debe. Nguruwe walilizoea debe siku ya tatu.

"Utaratibu ni mwepesi," Mwenyekiti alimweleza. "Chuma kilipaswa kukaguliwa kabla ya kuwekwa. Hakikukaguliwa. Kwa hiyo tunakitoa, tunakikagua, kikifaulu kinarudishwa."

"Nani atakirudisha?"

"Hilo ni la awamu ya pili."

"Daktari mwenyewe ameshaondoka kwenda kwao!"

"Ndiyo maana nikasema awamu ya pili."

Niliona nichangie kitaalamu. Nilisema chuma kibaya ndani ya mwili hakijifichi: mguu huvimba na kupata joto, kidonda hutoa usaha, skrubu hulegea na mnyama akaanza kuchechemea. Nilishampapasa Watasema mara mbili, nikaenda kunawa nyumbani, na dalili hata moja sikuiona. Mwenyekiti alinishukuru. Akasema mambo hayo hayamo kwenye fomu.

Fomu ilikuwa na kipengele cha tisa, alichokitunga mwenyewe: "Mwenyekiti amelibonyeza goti kwa mkono mtupu." Mtupu, kwa sababu glavu nazo zinatoka nje na hazijakaguliwa. Kipengele hicho ndicho kilichoahirisha vikao vitatu. Ukiguswa na mate ya mbwa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na ofisi haikuwa na udongo.

Kibiti udongo upo. Mtunza stoo wetu, Shaabani, alichimba ndoo nzima nyuma ya ofisi.

"Una cheti?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Ni udongo, mzee."

"Soko huria halimaanishi kila kitu ni huria, Shaabani."

Kijiko kimoja kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na Mwenyekiti akatangaza tena sokoni kwamba udongo usio na cheti ni marufuku kwa kunawia. Majibu tuliahidiwa baada ya miezi minne. Ndoo ilikaa pembeni, imezungushiwa utepe.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, saa tano na nusu. Mwenyekiti alivaa kanzu mpya, kwani saa nane alikuwa anamwozesha binti yake, Warda. Alikuwa na haraka.

"Andika nimejiridhisha kwa macho. Bamba litolewe Jumatatu."

"Hujamgusa, umejuaje ni bovu?" aliuliza Bi Mwajabu.

"Kipengele cha tisa, Mheshimiwa," nikasema. "Fomu haina nafasi ya macho."

Alinitazama kama wanangu wanavyonitazama nikitaja dawa ya minyoo.

"Haya. Kikavu kwa kikavu hakuna neno," alisema, na hapo hakukosea: najisi ya mbwa huhamishwa na unyevu. Akainama, akanyoosha kidole kimoja kikavu.

Kidole hicho, muda mfupi kabla, kilikuwa kwenye samaki wa kukaanga wa chai. Watasema, ambaye ofisi ilimlisha ugali mtupu siku tisa, alikilamba. Kisha kiganja. Kisha, kwa ukamilifu, mpaka mkono wa kanzu.

"Udongo!" alipiga kelele Mwenyekiti.

Shaabani hakutikisika. "Haujakaguliwa, mzee."

"Shaabani!"

"Majibu hayajarudi."

"Mkono huu ndio nitakaomshika nao bwana harusi!"

"Si umwozeshe kwa awamu, baba," alisema Bi Mwajabu.

Mlangoni watu walishajaa kwa sababu ya kelele, na mbele yao alikuwa mzee Twalibu, mjomba wa bwana harusi. "Sisi tunataka mkono ulionawa kwa udongo wenye cheti," alisema. "Tulikusikia kwenye kipaza sauti."

Mwenyekiti alinigeukia. "Mama Nasma, tafuta njia!"

Nikaandika mstari mmoja, nikausoma kwa sauti: "Kitu chochote kilichokwisha kutumika bila kudhuru kinahesabiwa kimekaguliwa."

"Udongo ule nimeulimia mchicha mwaka mzima," alishuhudia Shaabani.

"Niandike udongo tu, Mheshimiwa, au kitu chochote?"

"Chochote! Muda, Mama Nasma, muda!"

Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Nikagonga muhuri. Cheti namba moja: udongo, ndoo moja. Shaabani akakata utepe, na mzee Twalibu akapiga makofi.

Cheti namba mbili nilikiandika Mwenyekiti akiwa uani anaosha mara ya tatu: bamba moja, skrubu sita, matumizi miezi minane, madhara hakuna, nguruwe hawakuhojiwa. Muhuri.

"Hicho cha pili ni cha nini?" aliuliza kutoka dirishani.

"Kitu chochote, Mheshimiwa."

Nikaifungua kamba. Watasema akasimama kwa miguu yote minne, akajinyoosha, akatoka uani kwenda kumuaga Mwenyekiti.

"Mwondoeni!" Mwenyekiti alirudi nyuma, mkono juu. "Mwondoeni mbwa huyu sasa hivi, arudi kwao!"

Nikamkabidhi Bi Mwajabu kamba na cheti. Alikifunga cheti kwenye pindo la khanga, akaondoka bila kuaga, Watasema mbele, yeye nyuma akivutwa mbio. Niliandika kwenye muhtasari kwamba agizo la Mwenyekiti limetekelezwa papo hapo, la kwanza tangu kamati iundwe.