Mkanda wa Kina Mama wa Bi Somoe

Jumatatu, 9 Agosti 1999
Kazi! Kazi ya kwanza tangu ninunue kompyuta! Bi Somoe wa nyumba ya pili kaleta mkanda wa video wa harusi yake ya mwaka themanini na nane, anataka niuhamishie kwenye sidii. Ni ule wa ukumbi wa kina mama, vichwa wazi, mwanamume haruhusiwi kuuona. Humo marehemu mama yake, Bi Rukaiya, anacheza. Picha nyingine ya video ya mama yule hakuna. Na mkanda umeota kuvu! Nimemwambia utastahimili kupita kwenye deki mara mbili tu, ya tatu utakatika. Akaniapisha kwamba sitatazama. Nimeapa!

Kwa Wilbert, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, hapeleki ng'o. Benchi la duka lake halikosi wanaume. Akome!

Dada yangu Zuena, anayeuza vitenge humu humu dukani, kauliza kwa nini asitazame yeye. Nimemjibu hajui kompyuta.

Jumanne, 10 Agosti
Kompyuta ina maswali kama karani wa pasipoti. Mfumo gani wa picha za video, PAL au NTSC? Ukubwa gani? Picha ngapi kwa sekunde? Mtu anajibuje bila kutazama? Nimewaza mpaka adhuhuri. Nimepata! Nichague mipangilio kwa mkanda mwingine, kisha nisiguse kitu.

Nimetumia mkanda wa mieleka kutoka Marekani. NTSC ikatoa rangi safi, mpaka jasho unaliona. Basi, NTSC. Ubora nikaweka juu kabisa, mie si bahili. Diski ikajaa kwa dakika nane! Nikapunguza ukubwa nusu. Mieleka bado tamu. Nimeitazama mpaka mwisho, kwa ajili ya uchunguzi tu.

Jumatano, 11 Agosti
Nimefunika skrini kwa kanga ya Zuena, nikaibana na vibanio vya nguo. Nikawasha deki, nikageukia ukutani. Saa nzima! Ngoma, vigelegele, mtu anacheka kwa raha zake. Shetani kanivuta shingo mara mbili. Sikuchungulia! Nani mwingine Temeke nzima angeweza? Wilbert? Thubutu!

Sidii nimempelekea Bi Somoe mwenyewe, imefungwa kwenye bahasha.

Alhamisi, 12 Agosti
Balaa. Bi Somoe karudi na sidii. Anasema picha haina rangi, inapanda juu haitulii, na uso wa mama yake haujulikani. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, hapo barazani, akalia kimya kimya. Heri angenitukana. Mikanda ya hapa kwetu ni PAL! Mie wake nimeuwekea mfumo wa Wamarekani! Wilbert kapiga kelele kutoka ng'ambo, eti kompyuta yangu ina malaria.

Mkanda umebakiza safari moja. Zuena kaitoa kanga yake, kakaa mbele ya skrini. Mie nje, mgongo mlangoni, namwelekeza. Nikamwambia aweke PAL. Akasema imetulia. Nikauliza na uso je, roho juu juu. Akasema Bi Rukaiya huyu hapa, gauni la kijani, kanyanyua mikono, anacheka vilevile kama alivyokuwa akija kuchagua vitenge. Bi Somoe akakimbilia ndani. Nikawasikia wote wawili wanalia, wanacheka. Nami nililia, huko nje, mbele ya Wilbert. Nikasema ni vumbi.

Mkanda ukakatika mwishoni kabisa. Haidhuru. Mama keshaingia kwenye kompyuta.

Ijumaa, 13 Agosti
Ushindi! Bi Somoe kawaambia mashangazi zake wote kwamba mie Nurdin ni mwaminifu, hakutazama kweli, maana angetazama angeona picha inapanda juu. Kuharibu kwangu ndio ushahidi! Wameleta mikanda saba ya kina mama, yote ina kuvu, na marehemu kadhaa humo ndani. Nimewaahidi Jumatatu. Wilbert kaihesabu yote saba kutoka kwenye benchi lake.

Zuena kavuta kiti mbele ya skrini hata sijamwita. Nimemwambia kwa upole arudi kwenye vitenge vyake, kazi hii inataka jicho la fundi. Kisha nimefunika skrini, nikageukia ukutani.