Jibu Sahihi Ni Mimi

Jumatatu, 9 Machi
Zimebaki siku nne. Ijumaa miezi yetu mitatu ya majaribio inakwisha, na bosi ataajiri mmoja tu: mimi au Profesa. Profesa ndiye jirani yangu wa meza. Uprofesa wenyewe ni miwani tu. Nikikosa kazi hii, sina pa kulala. Shemeji anataka chumba chake. Alisema mbele ya dada yangu kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi niko siku ya tisini.

Leo nimekabidhiwa somo la mtandaoni la usalama kwa wapakuaji wa ghalani. Maswali ishirini. Kila swali picha mbili, msomaji abonyeze iliyo sahihi. Bosi hataki picha za kuokota, tupige wenyewe. Hapo akili ikaanza kunichemka.

Jumanne, 10 Machi
Nimempiga picha Profesa kutwa nzima. Nilimwambia ana sura ya kamera. Maskini, akaamini, akaenda kuchana nywele. Nimempiga ghalani akiwa amevaa ndala. Nimempiga chini ya mzigo unaoning'inia. Nimempiga juu ya ngazi iliyoegemea kreti tupu. Yeye majibu yote mabaya, mimi yote mazuri: buti, kofia ngumu, tabasamu. Bosi atamwona Profesa akikosea mara ishirini mfululizo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatano, 11 Machi
Asubuhi tumelijaribu somo. Mlinzi, ishirini kwa ishirini. Dereva, ishirini. Mama wa usafi, ishirini, tena kwa dakika moja na nusu. Bosi akasema hajawahi kuona somo linaloeleweka hivi. Nikamwonea Profesa huruma kidogo.

Mchana bosi akamuuliza mama wa usafi ni kitu gani kimemsaidia. Mama akajibu kwamba maswali hata hakuyasoma, miwani ameisahau nyumbani. Alikuwa anambonyeza tu yule kijana anayecheka. Yule mwenzake, akasema, hakupata hata moja, mpaka roho imemuuma.

Bosi akazipitia picha zote, moja moja. Kisha akasema nipige upya, Ijumaa saa nne awe nazo. Profesa alifuta miwani yake, akaendelea na kazi. Heri angenitukana.

Alhamisi, 12 Machi
Dawa ilikuwa rahisi: nusu ya maswali nikosee mimi. Nimejaribu, wallahi. Nimevaa ndala, nikajipiga, nikaitazama ile picha, moyo ukakataa. Na Profesa hakubali tena kupigwa picha.

Jioni nyumbani nikamgeukia shemeji, awe yeye mwenye makosa. Nikamwambia kazi hii ndiyo itakayomrudishia chumba chake. Alivaa buti kabla sijamaliza sentensi. Tulikwenda vizuri mpaka swali la saba, kunyanyua mzigo. Jibu baya: magoti yamenyooka, mgongo umepinda. Nikasema sanduku liwe na vitu kweli, tusidanganye watu. Dada alikuwa na sanduku la vigae. Shemeji akainama, akavuta, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Hakurudi wima.

Nilipiga picha kwanza, ndipo nikamwita dada. Dada ameliona hilo. Amesema tutaongea.

Maswali kumi na matatu yaliyobaki nimempiga akiwa amelala palepale sakafuni, nambadilishia kofia tu. Uzembe si ndio mwisho wake huo?

Ijumaa, 13 Machi
Bosi akamwita tena mama wa usafi. Ishirini kwa ishirini. Haikutimia hata dakika moja. Akaeleza kwamba mmoja anacheka na mwingine analia, sasa hapo mtu atakosaje?

Kaajiriwa Profesa. Bosi alinipa mkono, akasema nina kipaji, ila hajui ni cha nini. Nimekwenda chooni nikalia. Nimelia kweli, bomba nimelifungua wasinisikie. Miezi mitatu imepotea hivihivi. Nilipotoka, Profesa alikuwa amenipangia vitu vyangu kwenye mfuko, vizuri, kikombe amekizungushia gazeti. Nimeuchukua mfuko, nikatoka.

Jumamosi, 14 Machi
Daktari amesema wiki sita kitandani. Kitanda kigumu ni changu, kwa hiyo shemeji amekipata chumba chake, na mimi nimepata kochi. Dada amesema siondoki mpaka mgongo upone, maana aliyeuvunja ndiye atakayemgeuza. Namgeuza kila baada ya saa mbili. Kila nikimshika anafumba macho.

Nimekaa pale pembeni yake, nimekata tamaa kabisa, na ghafla nimeona njia. Kwa nini nimfanyie mtu kazi? Nitatengeneza somo langu mwenyewe: kumuuguza mgonjwa nyumbani. Maswali thelathini, picha mbili kila swali, bonyeza muuguzi aliye sahihi. Mgonjwa ninaye. Muuguzi sahihi ninaye, tabasamu lipo. Nimempigia Profesa aje kesho awe yule mwingine. Mara nne nimempigia. Labda simu yake ina matatizo.