Ombi la Kurudishiwa Maumivu ya Goti la Mume Wangu

Likasi, Juni 1998

Kwa Munganga Mkubwa wa hospitali yetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, weye pamoja na madame na watoto. Sisi hapa tuko wazima, na huo uzima ndio umenikalisha chini kuandika.

Minye ni Martine, bibi ya Augustin, yule fundi wa mitambo aliyekuja kwenu na fimbo. Ulimtuma kwa Dominique, kine wenu, yule wa mazoezi ya viungo. Dominique akamzungushia goti bande ya mpira yenye kunata, akamwambia bande peke yake haiponyeshi kitu: kazi yake ni kumsaidia avumilie mazoezi, na mazoezi ndiyo dawa. Miaka yote ya ndoa Augustin hajanitii minye. Dominique alimtii siku ile ile. Basi, malalamiko yangu:

1. Bande zenu zilipokwisha, Dominique alimfundisha kukata mpira wa ndani wa baiskeli na kujifunga nao. Baiskeli ni yangu, ndiyo iliyobeba unga wangu mpaka sokoni. Sasa unga unapanda kichwani mwangu. Asanteni sana.

2. Mazoezi yenyewe ni haya. Muntu mzima anaegemea ukuta mbele ya nyumba, anateleza chini polepole, anabaki hapo nusu amekaa, jasho linamtoka, midomo inahesabu kwa Kifaransa. Wamama wa kikundi cha maombi walipita, wakasema huyu ameingiwa na pepo. Wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakakemea mpaka kuku wangu wakahamia kwa jirani. Yeye hakuacha kuhesabu. Alipomaliza akasimama bila fimbo, na wamama wakapiga vigelegele. Jumapili alitoa ushuhuda kanisani. Dominique hakutajwa hata kidogo, pole yake.

3. Hapa ndipo penye uchungu. Tangu kiwanda kinyamaze, waume wa wenzangu wanakwenda kuchimba madini kwenye mashimo ya Kambove. Wangu alibaki nyumbani na goti lake, akichambua maharage, akinung'unika, na kila jioni nilijua yuko wapi. Clovis, jirani yetu, alikuwa na magoti mazuri ajabu. Yakamshusha shimoni, udongo ukaporomoka. Bibi yake Madeleine anakuja kushinda kwangu, anasema kwake kuko kimya mno.

4. Jumatatu Augustin alinitangazia kwamba goti limepona, kwamba watoto hawawezi kula bukari ya unga na mboga ya majani kila siku ya Mungu, na kwamba anakwenda Kambove. Nililia. Yeye akachuchumaa mbele yangu kunionyesha atakavyoingia shimoni. Alichuchumaa vizuri sana. Hongereni!

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu hospitali imrudishie mume wangu maumivu yake, hata nusu. Kama yamekwisha kwenye depo yenu pamoja na dawa zingine, Dominique amfundishe mazoezi ya kuharibu goti. Aliyejua kujenga hashindwi kubomoa. Tena itangazwe kwamba kuanzia leo hakuna goti la mwanamume litakaloponyeshwa hapa Likasi kabla bibi yake hajatia sahihi. Na atakayejiponyesha mwenyewe kwa siri, afungwe.

Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi wa mlangoni, na yule mama wa kufua mashuka. Hata Dominique msalimie, ingawa nimemkasirikia.

Ni mimi, mwenye mume mzima kwa bahati mbaya,

Martine

N.B. Barua hii nimeileta mwenyewe. Dominique ameniona nachechemea kwenye korido, kwa kuwa goti langu nalo linauma, nilikuwa nikilificha. Amenikalisha, amenifunga bande, amenifanyisha mazoezi, na kweli, Munganga, nimeshuka ngazi zenu bila kushika ukuta. Basi yale ya juu yote yafute. Waponyeshe wote. Augustin aliondoka leo alfajiri, na minye namfuata Kambove kwa miguu. Niombee tu nimkute angali juu ya ardhi.