Barua Arobaini na Saba za Kuomba Bomba

Wewe Kashaija, umekaa mstari wa mbele na bado unatafuna punje za kahawa mpaka hotuba yangu inasikika kama imetiwa mchanga. Meza au tema, na kofia uivue, hapa si kilabuni. (Kashaija anameza.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ambaye ametuma udhuru, Mheshimiwa Balozi, ambaye ametuma mke wake, Katekista wetu, kina mama wa kwaya ya Kilutheri, waheshimiwa wakulima wa Buganguzi, wenye migomba na wenye maneno, wageni kutoka Buhembe mliofuata harufu ya ndizi, na mimi mwenyewe, Ma Anatolia, Mwenyekiti wa Kamati ya Maji, Mlezi wa Kamati ya Maji na Mtunza Muhuri wa Kamati ya Maji: habari zenu waitu, ndugu zangu. (Makofi. Yanakoma mapema. Mzungumzaji anasubiri mpaka yarudi.)

Nikisema bomba, mseme lipo. Bomba. ("Lipo.") Mnalisema kama wagonjwa, lakini tuendelee.

Mnajua kwamba kuna mfuko mjini Bukoba unaogawa mabomba kwa vitongoji, na kwamba maombi wanayapokea kwa barua pepe peke yake, mwisho leo saa kumi jioni. Ndipo kamati yangu, mimi niliyeishia darasa la tatu na kuwapita wa chuo kwa sababu wao hawana muhuri, ikaingia kwenye mfumo wa kidijitali kwa kishindo, ikapewa kompyuta iliyochoka isiyoweza kubeba hata picha, na Mwalimu Derick akaiwekea programu ya barua ya kioo cheusi na herufi nyeupe, ambayo haina cha kubofya: unaandika amri, unaandika barua, na ukimaliza inakuuliza, ukibonyeza herufi hii barua inaondoka, ukibonyeza ile inalala kwenye rasimu. Mbonyezaji ni Katibu Projestus, karani wa mizani ya kahawa kwa miaka ishirini, ambaye hajawahi kuongeza wala kupunguza gramu. (Makofi. Projestus anatazama viatu vyake.)

Barua ya kwanza ilikuwa na mistari minne: tuko kaya tisini, kisima kiko bondeni, tunaomba bomba, asante. Projestus akataka kuituma hivyo hivyo, uchi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, Katibu, barua ya ofisi isiyo na muhuri haitoki kitongoji hiki nikiwa hai. Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa muhuri, nikaugonga. ("Wapi?" Sauti ya kike.) Kwenye kioo, Jovina, ulitaka niugonge wapi, kwenye paji la uso wako? (Kicheko.)

Kuanzia hapo, kila Jumatatu tuliifungua barua, tukaongeza cheo kimoja, nikagonga, nikamwachia Katibu amalizie, na leo natangaza mbele yenu takwimu ambazo vitongoji jirani wakizisikia watalala njaa: barua arobaini na saba, mihuri arobaini na saba, sawa na asilimia mia moja na kumi na saba ya lengo, lengo ambalo niliweka jana. Barua ya mwisho ina kurasa tisa, nane ni za vyeo. Mjini hawajajibu hata moja, huo ni uvivu wao. Mimi sikungoja, nimenunua koki, nimesimika nguzo, koki iko juu ya nguzo, na kama maji yatachelewa yatakuta mlango uko tayari. (Makofi machache.)

(Jovina anasimama, mimba ya miezi minane, ndoo mkononi. "Ma, fungua tuone. Mimi leo nimeshapanda ule mlima mara tatu.")

Keti, mwanangu. Nafungua. (Anafungua. Anatoka buibui.) Huyo ni wa majaribio.

Projestus. Njoo hapa mbele. Wasomee wananchi barua zilizotumwa. ("Hakuna, Ma.") Hakuna nini? ("Hakuna iliyotumwa. Zote ziko kwenye rasimu, arobaini na saba.") Nani aliyezilaza huko? ("Mimi. Kila nikiisogeza barua juu, muhuri ulikuwa unabaki palepale kwenye kioo. Haukushika barua. Nawe ulisema isiyo na muhuri haitoki ukiwa hai, na Ma, uko hai.") (Kicheko kirefu. Mke wa Balozi anajifunika kanga.)

Chekeni. Mwaka mzima nimekuona unafuta kioo kwa jani la mgomba, Projestus, na sikukuuliza unafuta nini. Jovina, usinitazame hivyo. Tazama buibui.

Nikisema rasimu, mseme ondoka. Rasimu. ("Ondoka.") Hiyo sasa mmeisema kama watu.

Basi nawashukuru wote mliohudhuria uzinduzi wa mradi ambao haupo, haujapimwa, haujaahidiwa, na kumbe haukuwahi hata kuombwa. Nawashukuru kwa makofi, sitayarudisha. Saa hizi ni saa tisa na dakika arobaini. Projestus, kimbia ofisini, fungua ile rasimu ya kwanza, ya mistari minne, usiongeze cheo, usiongeze jina langu, bonyeza ile herufi nyingine, na usirudi hapa mpaka uione kwenye zilizotumwa. Muhuri naufunga kwenye kitenge. Nawe Kashaija, uliyemaliza kahawa yako, mpokee Jovina ndoo, shuka nayo kisimani, upande nayo imejaa.